Hiab, winchi ya Kijapani ama kreni ya tani 25: uite ipi kwa kazi yako hapa Malindi

Watu wengi hapa Malindi wakitaka kuinua kitu kizito swali la kwanza kwa mwenye gari la kuinulia ni "inabeba tani ngapi hiyo?" na akijibiwa tatu au tano wanaona mambo yameisha, gari laitwa, linafika site, alafu tangi linabaki linaning'inia juu ya ukuta halifiki kwa mnara wake na lori lenyewe linaanza kuinuka matairi ya upande mmoja. Mi nataka niseme hapa mwanzo kabisa kabla sijalinganisha chochote: tani peke yake haikwambii kitu, tani inaenda na mita. Winchi iloandikwa tani 3 inainua hizo tani 3 mzigo ukiwa pale ubavuni mwa gari, mita mbili na kitu, ukiupeleka mita nane zile tani zimeisha umebaki na kilo mia kadhaa tu. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu chukua tepu, pima kutoka pale lori litakaposimama mpaka pale mzigo utakapokaa, na uanzie katikati ya lori sio ubavuni, manake mkono wa mashine unaoinua mzigo unazungukia katikati, nusu ya upana wa lori ni mita moja na robo na hiyo watu huisahau kila siku. Pima na urefu wa kwenda juu. Hizo namba mbili pamoja na uzito wa mzigo ndo zitakuchagulia gari.

Nguvu yenyewe inatoka wapi

Zote hizi ninazolinganisha zinaendeshwa na mafuta ya haidroliki. Dereva anasimamisha gari, anakanyaga klachi, anaingiza PTO, hiyo ni gia iloshikanishwa na gia boksi inayochukua nguvu ya injini ile ile ya gari na kuzungusha pampu, pampu inasukuma mafuta kwenye hosi mpaka ndani ya silinda na silinda ndo inasukuma mkono uinuke. Sasa angalia hesabu hii manake ndo siri yote ya hizi mashine. Silinda yenye pistoni ya upana wa sentimita 10 ina eneo la sentimita mraba 78 na nusu, mafuta yakiwa na presha ya bari 200 kila sentimita mraba inasukumwa na kilo kama 204, zidisha upate tani 16. Silinda moja ambayo mtu mzima anaweza kuikumbatia! Lakini silinda inasukuma mkono karibu na pale unapozungukia, chini ya nusu mita kutoka kwenye pini, na mzigo unaning'inia mita kumi huko mbele, ndo zile tani 16 zinakuwa kilo mia kadhaa kwenye ndoano. Hakuna opereta wa kubishana na hiyo hesabu hata akiwa na uzoefu gani.

Ndo maana watengenezaji wa mikono inayokunjika wanaitaja nguvu kwa tani-mita. Ukiambiwa gari ni la tani-mita 12, gawa kwa umbali wako: mita 4 unapata tani 3, mita 10 unapata tani 1.2 alafu punguza tena, manake mkono ukinyooshwa wote na wenyewe una uzito wake na uzito huo unakula kwenye hesabu yako. Jibu la mwisho liko kwenye chati ya mita na tani ilobandikwa pale kwenye nguzo ya mashine karibu na zile leva. Kama chati imefutika au imepakwa rangi juu yake, mi gari hilo silichukui, na wewe usilichukue.

Mkono unaokunjika

Hii ndo Hiab yenyewe. Jina limetoka kwa kampuni ya Sweden iliyoanzishwa 1944 huko Hudiksvall na bwana mmoja Eric Sundin aliyekuwa akitengeneza ski za kuteleza kwenye theluji, na 1947 wakatoa winchi yao ya kwanza ya haidroliki ya kufungwa kwenye lori. Siku hizi ziko nyingi, kuna Palfinger za Austria na Fassi za Italia, zote kazi yake ni ile ile. Ukipiga simu uliza wazi wazi "mkono unakunjika ama umenyooka?" manake hapa mjini watu huita zote Hiab na linaweza kuja gari lingine kabisa.

Uzuri wake ni kile kiwiko. Mkono wa kwanza unapanda, wa pili unakunja na kushuka, kwa hiyo mzigo unapita juu ya ukuta alafu unaingia chini ya roshani, au unaingizwa kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza, au unapitishwa chini ya matawi ya mkwaju bila kukata mti wa watu. Kule Casuarina na Shella ambako nyumba zina kuta ndefu na geti halipitishi lori, hii ndo inafaa kuliko zote. Ikikunjwa inakaa nyuma ya kebini kama ngumi na bodi yote ya lori inabaki wazi kwa mzigo, gari hilo hilo linatoa mzigo Mombasa linauleta na kuushusha, hulipi magari mawili.

Ubaya wake? Nyingi hazina kamba ya waya, ndoano imefungwa moja kwa moja kwenye ncha ya mkono. Maana yake haiwezi kushusha kitu ndani ya shimo refu. Alafu ina maungio mengi, pini nyingi, hosi nyingi na silinda nyingi, na hii hewa yetu ya chumvi haina huruma, ile fimbo ya chrome ya silinda ikianza kutoboka vidoa vya kutu inakwaruza sili, ule mpira unaozuia mafuta, na mafuta yanaanza kuvuja. Kabla hujakubali gari mwambie opereta anyooshe mkono wote bila mzigo alafu pitia kila silinda kwa macho. Unyevu mdogo wa mafuta ni kawaida, yakidondoka tone kwa tone basi hapana.

Na kuna kitu kimoja kizuri ndani yake ambacho lazima kiwe kizima: vali ya kushikilia mzigo, inakaa palepale kwenye silinda, hosi ikipasuka mafuta ya ndani ya silinda hayatoki na mkono unabaki juu. Pia zile za Ulaya zinakuja na mfumo unaozima zile leva za kuzidisha mzigo pale uzito unapopita kiasi, lakini gari likishakuwa mtumba wa mikono mitatu wapo wanaoufunga ili mashine "isisumbue". Muulize opereta akuonyeshe ukifanya kazi. Atakuonyesha kama upo.

Winchi ya mkono ulionyooka, ile ya Kijapani

Hizi ndo nyingi zaidi barabarani, Unic na Tadano, zimefungwa kati ya kebini na bodi kwenye lori la Isuzu au Fuso au Hino. Mkono umenyooka unatoka vipande vipande kama antena ya redio ya zamani, na nchani kuna kamba ya waya yenye ndoano inayozungushwa na dramu. Nyingi utaona zimeandikwa 2.93t, na sababu ni kwamba kule Japani kreni ya gari ikifika tani 3 inaingia kwenye kundi lenye ukaguzi mkali zaidi wa serikali, sasa watengenezaji wakaisimamisha hapo chini kidogo. Kibao cha chati mara nyingi kimeandikwa Kijapani lakini namba ni hizi hizi zetu, mita upande mmoja na tani upande mwingine, mtu yeyote anazisoma.

Kamba yake ndo inaipa kazi ambayo Hiab haiwezi. Chukua kazi ya kutoa pampu ya kisima, na hapa visima vyetu vya maji ya magadi vinakula pampu sana. Paipu za chuma za inchi mbili zikishuka mita 60 zina kilo kama 300, maji yalo ndani yake ni kama lita mbili kwa kila mita kwa hiyo ongeza kilo 120 na ushee, ongeza pampu na waya wake, ushapita kilo 400. Vijana kwa mikono na tripodi wanaweza, ila paipu ikiwaponyoka inarudi chini na inaweza kwenda na kidole cha mtu. Winchi hii inasimama juu ya kisima, kamba inashuka wima, paipu moja inatoka inafungwa klempu inafunguliwa, nyingine inafuata. Kazi nyepesi kwake kabisa manake gari linasimama karibu. Vilevile kupakia mabati, nondo, matofali yalofungwa kwenye paleti, mashua ndogo, culvert za saruji, winchi ya Kijapani inatosha na bei yake huwa chini ya Hiab kubwa.

Lakini haiingii chini ya kitu. Mkono umenyooka, kwa hiyo ukiwa na nyaya, roshani au mti juu, umekwama. Na usikubali kuinua mzigo mbele ya kebini. Miguu yake, ile inayotolewa ubavuni na kukanyaga chini gari lisilale, iko nyuma ya kebini, upande wa mbele hauna mguu wa kuushikilia, nguvu inayoruhusiwa huko inashuka sana na gari linaweza kulala na pua. Mzigo uinuliwe ubavuni au nyuma.

Kamba ya waya na yenyewe ikaguliwe, hasa huku pwani. Kanuni ya Wajapani wenyewe ni kwamba nyuzi zikikatika asilimia 10 ndani ya msokoto mmoja, au kamba ikipungua unene zaidi ya asilimia 7, kamba haitumiki tena. Huna haja ya kifaa cha maabara, vaa glovu ya ngozi upitishe mkono polepole gari likiwa limezimwa, nyuzi zilokatika utaziona zimesimama, na pale ilipobanwa ikawa bapa utapaona pia. Kutu ya juu juu sio mwisho wa dunia, kutu ilofika ndani ndo mbaya, ukiikunja kamba kidogo na unga mwekundu ukamwagika basi hiyo imekwisha.

Kreni kubwa ya tani 25

Hii haibebi mzigo, inajibeba yenyewe tu, gari zima ni kreni. Inakuja na kebini ya pili ya opereta juu ya turntable, ile sahani inayozunguka na mkono, ina miguu minne inayotanuka mpaka upana wa mita 6 hivi na kompyuta inayomwonyesha opereta umbali, uzito na asilimia ya nguvu alobaki nayo. Watu wa mahoteli, wanaojenga ghorofa na wanaosimamisha milingoti ya simu ndo wanaihitaji. Zile tani 25 ni kwa mita 3, na mita 3 kutoka katikati ya kreni ni karibu ndani ya miguu yake yenyewe, hakuna kazi halisi inayofanyika hapo. Mita 6 imeshashuka iko tani kumi na kitu, mita 20 umebaki na tani mbili hivi.

Gharama yake sio ile ya saa peke yake. Kama inatoka Mombasa ni kilomita 120 kuja na 120 kurudi, unazilipa zote mbili, na bado unahitaji lori la kubeba mzigo wenyewe. Alafu unahitaji pa kuisimamisha. Upana wa mita 6 uliolala sawa, ugumu wa kutosha, bila nyaya juu, kwenye vichochoro vya mji wa zamani karibu na msikiti wa Jamia hauupati, hata Maweni na Majengo kwa baadhi ya mitaa hauupati. Kwa hiyo mtu akikwambia "lete kreni kubwa umalize mambo" pima barabara kwanza.

Nilinganishe kwa kazi sasa

Tangi la plastiki la lita 10,000 kwenye mnara wa mita 6, ndani ya ua, na lori halipiti getini. Tangi tupu halifiki kilo 300, kwa hiyo uzito si kitu, shida ni umbali. Ikiwa kutoka katikati ya lori mpaka katikati ya mnara ni mita 7, winchi ya Kijapani yenye mkono mrefu inaweza, ila angalia na urefu: mkono lazima upande juu ya mita 6, juu ya tangi lenyewe lenye karibu mita 3, na juu ya ile mikanda, unakuta unatafuta mita 11 kwenda juu na mita 7 kwenda mbele kwa pamoja, hapo nyingi zinaishiwa mkono. Hiab ya tani-mita 12 yenye vipande vya kutosha ndo chaguo langu. Na upepo jamani! Tangi kubwa tupu ni tanga, kaskazi ikipiga mchana linazunguka na kumvuta opereta. Fanya alfajiri upepo haujaamka, na funga kamba mbili za kuongozea zishikwe na watu wawili walosimama mbali, sio chini ya tangi.

Jenereta ya hoteli. Ile ya kVA 60 yenye boksi lake huwa tani moja na kitu, ya kVA 200 inapita tani mbili, na uzito umeandikwa kwenye kibao chake kwa hiyo usikisie. Mara nyingi inaingizwa kwenye chumba chenye paa. Winchi ya Kijapani itaishusha mlangoni na basi, hapo utahitaji mabomba ya kuviringishia na vijana wa kuisukuma ndani. Hiab inaweza kuifikisha mita moja au mbili ndani ya mlango kama mlango ni mrefu. Kama kuna sakafu ya zege imara na nafasi, foklifti inazishinda zote mbili, ila foklifti ya matairi madogo kwenye mchanga wa Malindi inazama papo hapo.

Kontena tupu la futi 20, watu wanapenda kuligeuza duka au stoo. Lina kama tani 2.2. Mtu anaona 2.93t kwenye winchi ya Kijapani anasema inatosha, na hapa ndo wengi wanaumia. Kontena likiwa kwenye bodi katikati yake iko mita 3 au 4 nyuma ya winchi, ukilishusha ubavuni bado katikati yake haiji karibu, na mita 4 ile winchi imeshashuka ni tani moja na nusu hivi. Haitoshi. Hapo unataka mkono unaokunjika wa tani-mita 20 kwenda juu. Na kontena likiwa na mzigo ndani, tani 15, 20, hata kreni ya tani 25 haiwezi kulishusha kutoka kwa trela ikaliweka kando, manake umbali unakuwa mita 6 na yeye hapo hana hizo tani. Toa mzigo kwanza, au itisha kreni ya tani 50.

Mashua ya fiba kutoka ufuoni kwenda kwa fundi. Winchi ya Kijapani inatosha kabisa kwa mashua ya mita 6 au 7, mradi lori lisiingie kwenye mchanga laini. Maji ya ndani yatolewe yote. Mashua ya mita 6 kwa mita 1 na nusu yenye maji ya sentimita 20 tu imebeba tani 1.8 ya maji, toa hata nusu kwa sababu mashua sio sanduku, imekonda chini, bado ni tani karibu nzima ambayo hakuna mtu aliihesabu. Tumia mikanda mipana ya nailoni, mnyororo utaponda ubavu. Na mikanda isilale sana: mikanda miwili ikiwa imesimama kwa nyuzi 60 kila mmoja unavutwa na karibu asilimia 58 ya uzito, ikilala mpaka nyuzi 30 kila mmoja unabeba uzito mzima peke yake, na huku inaiminya mashua katikati. Mikanda mirefu zaidi ndo dawa, au boriti ya kutanulia juu.

Gari lililoharibika sio kazi ya hizi, ita brekidauni la bodi linalolala, gari linavutwa na winchi linapanda lenyewe kwa matairi yake. Kuinua watu kubadilisha taa au kukata makuti ya mnazi sio kazi ya hizi pia, kuna gari la kikapu lililotengenezwa kwa kazi hiyo kama yale ya watu wa stima. Usimpandishe mtu kwenye ndoano hata akikubali mwenyewe.

Miguu na ardhi yetu

Hapa nitakaa kidogo manake Malindi magari mengi hulala kwa sababu ya ardhi, mkono ukiwa mzima kabisa. Lori likiinua mzigo upande mmoja, mguu mmoja unaweza kubeba zaidi ya nusu ya uzito wa gari na mzigo kwa pamoja. Tuseme mguu umebeba tani 8 na kile kisahani chake ni sentimita 20 kwa 20. Hiyo ni kilo 20 kwa kila sentimita mraba, na mchanga uloregea hata kilo moja unaanza kulalamika. Weka ubao mnene wa sentimita 60 kwa 60, umeshuka mpaka kilo 2 na kidogo. Bado haitoshi kwa mchanga. Mita moja kwa mita moja, vipande vya mbao ngumu vilivyopangwa msalaba, ndo unafika chini ya kilo moja. Gari lisilokuja na mbao zake, au opereta anayeokota kipande cha tofali cha kuweka chini ya mguu, mrudishe.

Shida ya pili ni mashimo. Huku kwetu chini kuna mwamba wa matumbawe, mgumu lakini una vitundu na mapango, na juu yake viwanja vya zamani vina mashimo ya vyoo yalofunikwa na kusahaulika. Opereta mzuri anafika na kumuuliza mwenye nyumba, "Mzee, chini hapa pana nini? Choo cha zamani kiko wapi?" na mwenye nyumba asione ni utovu wa adabu, amwonyeshe. Muulize na jirani mkongwe, wao ndo wanakumbuka.

Shida ya tatu ni nyaya. Laini za juu za kilovolti 11 na 33 zimepita mitaani kwetu chini chini, na umeme wa nguvu hiyo hauhitaji kuguswa, unaruka. Sheria ya Marekani inataka mita 3 hata kwa laini ya mpaka kilovolti 50, na hiyo ni mita 3 kutoka kwa ncha ya mkono, kamba na mzigo, sio kutoka kwa lori. Nyaya zikiwa karibu zaidi ya hapo omba kampuni ya stima izime kwanza. Itakuchelewesha siku kadhaa, ngoja hizo siku. Na mkono ukigusa waya, opereta alokaa juu abaki alipo, wengine wote wakae mbali, mtu asishike lori huku amekanyaga chini.

Hapa Kenya sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka mashine za kuinua na minyororo na mikanda yake zikaguliwe na mkaguzi alokubaliwa na serikali. Kuomba cheti cha ukaguzi ni haki yako. Mwenye gari mzuri anakitoa dashibodi bila kununa.

Kama mzigo unaenda Lamu

Wengi wanatoa mizigo Malindi kwenda Lamu, na lori linaishia Mokowe, kuanzia hapo ni chombo. Hapa Hiab inaishinda winchi ya Kijapani kwa kitu kimoja na inashindwa kwa kingine. Chombo kikiwa chini ya gati, kamba ya waya inashuka tu kadiri unavyotaka, Hiab isiyo na kamba lazima inyooshe mkono wote kwenda chini na kwa mzigo mzito unakuta haifiki. Lakini Hiab inauweka mzigo palepale unapotaka bila kuyumba, ila mzigo wa kwenye kamba unacheza na mawimbi, na chombo kikipanda na mzigo ukishuka wanakutana kwa kishindo, fiba inapasuka na kreni inapata mshtuko mkubwa kuliko uzito ule ulopimwa. Kwa jenereta ya tani moja mi ningechagua Hiab, kwa tangi tupu na paipu winchi ya kamba.

Ila zaidi ya gari, chagua maji. Wakati wa bamvua maji yetu yanapanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, chombo kilokuwa sawa na gati asubuhi kinakuwa huko chini mchana, na mkono unaotafuta kitu mita 3 chini na mita 4 mbele hauna tena zile tani ulizohesabu. Panga siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, au kama ni lazima wakati wa bamvua pakieni maji yakiwa yamejaa na yamesimama, mna kama nusu saa hivi ya utulivu kabla hayajaanza kutoka. Kwa hiyo ongea na nahodha kwanza akupe siku na saa, alafu ndo umpigie mwenye Hiab, na umwambie afike Mokowe masaa mawili kabla ya maji kujaa ili apate muda wa kupanga mbao zake chini ya miguu. Na upande wa pili, pale Lamu mjini, jua mapema nani anapokea. Lori halifiki huko, ni vijana, mabomba ya kuviringishia na mkokoteni, kwa hiyo kitu kizito kifunguliwe vipande kabla hakijaondoka Malindi: tangi la mafuta la jenereta lishushwe mafuta, betri zitolewe, boksi lifunguliwe, na kila kipande kiandikwe kilo zake kwa chaki ubavuni wapokeaji wazione.